Jua la Ndagala

Mjukuu wangu Aisha,

Amahoro. Huku Rumonge tuko wazima, na mguu wa babu yako umepona. Unauliza kwa nini vidukari, wale wadudu weusi, wamejaa kwenye maharage yako huko Ngozi, wakati ya jirani ni safi. Nimesikia wivu katika swali lako. Ninaujua.

Mwaka nilioolewa, mvua ya kwanza iliponyesha, wifi yangu Zuhura alipanda mara moja. Mimi nilibaki ufukweni nikianika ndagala, dagaa wetu wa ziwani, nikapanda wiki kadhaa baadaye. Kisha mvua ikakatika. Jua lile lilikausha samaki vizuri, nikafurahi, mpaka nilipokwenda shambani. Vidukari walikuwa wamefunika majani yangu machanga. Maharage ya Zuhura yalikuwa yameshabeba, wadudu hawakuyaweza. Roho iliniuma.

"Umeweka dawa gani?" nilimuuliza.

"Dawa! Wewe omba mvua, wifi."

Ningeiombaje, na ndagala ziko mchangani? Ikaja yenyewe, kubwa. Nilikuwa nakimbia kuziokota, Zuhura ananisaidia huku anacheka: "Ziache zilowe! Maharage yako yanaogeshwa!"

Ndagala zilioza. Vidukari waliangushwa na mvua, nikavuna kidogo. Yeye alijaza magunia, nami nilimsaidia kuyabeba nimenuna.

Wivu haujaisha. Kila mvua ya kwanza ninachungulia shamba lake. Nikimwona ameinama, ninaacha samaki na kuchukua jembe. Jirani yako alipanda lini?

Bibi yako,
Mwajuma