Krismasi Niliyokuwa Ukuta

Manka mwanangu,

Marahaba. Juzi kwenye simu ulinisalimia, na kabla sijaitikia vizuri ukaniuliza, "Baba, nirudi?" Nikakuambia mtandao unasumbua, nitakupigia baadaye. Mtandao haukuwa na shida yoyote. Nilikuwa nimesimama kaunta, mteja anasubiri misumari yake, na mimi nimeanza kuihesabu upya. Ndiyo maana nakuandikia. Kwa simu ningekujibu vibaya.

Uko kambini Dar es Salaam na timu ya taifa ya kuogelea, ni Krismasi yako ya kwanza bila sisi, na kocha wenu amesema wazi: atakayeondoka sikukuu hii, nafasi yake ya kwenda kwenye mashindano anapewa mwingine. Ukasema uko tayari kuipoteza. Ukasema Mama analia, na baba yako mdogo amekupigia kukukumbusha kwamba binti mkubwa wa ukoo hakosekani nyumbani Rombo mwezi wa Desemba. Kabla sijakujibu, nikukumbushe jambo.

Unaikumbuka Desemba yetu ya Nduruma? Ulikuwa kidato cha pili. Hoteli mliyokuwa mnafanyia mazoezi ilijaa wageni wa sikukuu, klabu yenu ikaambiwa irudi baada ya mwaka mpya, na mashindano ya kuchagua timu yalikuwa Januari hiyohiyo. Wazazi wengine tulianza kusema basi, mwaka ujao. Mwalimu Zuhura, yule kocha wenu Mtanga, hakutusikiliza hata kidogo. Alienda kuomba bwawa la kumwagilia la shamba moja la mboga huko Nduruma. Maji yake rangi ya chai ya maziwa, na vyura wenyewe hawakupenda ujirani wenu. Kamba zilitoka dukani kwangu, tukazifunga madumu matupu zielee, zikawa mistari yenu ya kuogelea.

Nikawatangazia watu wa nyumbani kwamba mwaka huo sipandi mlimani Rombo kwa sikukuu. Mchaga, mtoto wa kwanza wa kiume, Desemba, hapandi! Baba yako mdogo alidhani nimefilisika.

"Kaka, mbuzi wa mzee atachinja nani?"

"Chinja wewe."

Alikata simu, akapiga tena kuhakikisha ni mimi. Mama yako alifunga mizigo, akawachukua wadogo zako, akafika mlangoni akageuka. "Haya, bakini na maji yenu," akasema. Alikuwa anacheka, ila si sana.

Taabu ya bwawa lile ilikuwa kingo zake. Zilikuwa za udongo, zimelala, na ninyi mkifika mwisho mlihitaji kitu kilichosimama wima ili mjipindue, mkipige teke, mrudi. Mwalimu Zuhura akatutazama sisi wazazi tuliokuwa tumejikalia kwenye nyasi na chupa zetu za chai.

"Baba Manka, kesho uje na plaiwudi moja ya dukani kwako. Utaishika, usimame nayo humo majini. Wewe ndiye ukuta."

"Mwalimu, mimi siogelei."

"Ukuta hauogelei."

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Methali hiyo nimewaambia sana wateja wanaoanza kujenga bila kupiga hesabu. Kesho yake niliyavulia nguo mwenyewe, mbele ya watoto wa watu, nikabaki na bukta, nikaingia hadi kifuani huku tope likinimeza miguu. Niliogopa, Manka. Sikukuambia, lakini nadhani uliyaona meno yangu yakigongana, na baridi haikuwa kali kiasi hicho.

Ukaja. Ukajipindua, ukaugusa ubao polepole kama mtu anayebisha hodi kwa wakwe. Mara ya pili vilevile. Filimbi ikalia.

"Manka! Unamwonea huruma baba yako? Hapo hakuna baba, kuna ukuta. Piga!"

Ukanitazama, maji yanakuchuruzika usoni. Nikakuambia, "Piga, mwanangu. Sianguki."

Nikaanguka. Nilikunywa maji ambayo hata ng'ombe wa Nduruma angeyasusia. Wenzako walicheka, na wewe ukacheka, nikaokota ubao wangu nikasimama tena, mguu mmoja mbele safari hii. Tuliendelea hivyo kila asubuhi. Siku ya Krismasi yenyewe, wenzetu wakiwa ibadani, Mlima Meru umetoka kwenye mawingu hadi kileleni, ulikuja kwa kasi ukapiga ubao ule nikausikia hadi mabegani, na sikusogea. Ulipofika upande wa pili ulininyooshea kidole gumba. Nimewahi kupongezwa kanisani na kwenye chama cha wafanyabiashara, lakini sijawahi kujiona mtu wa maana kama siku ile, nimelowa, nina bukta, nimekumbatia plaiwudi.

Mchana nilipika ndizi nyama, zikaungua. Bahati Mwalimu Zuhura alikuja na sufuria la pilau. "Krismasi si yangu," akasema, "ila kula tunakula wote." Tukala tumekaa kwenye ngazi za nyuma, na mtaa wetu wote wa Sakina, hapa Arusha, kimya, maana nusu ya majirani walikuwa Kilimanjaro.

Kisha Januari, bwawa la kweli, ukuta wa vigae. Kila ulipojipindua ulichomoka ukawaacha wenzako wakihangaika pale pale. Nilipiga kelele hadi sauti ikaniishia. Nilimshika bega mzee mmoja nisiyemjua, nikamwambia, "Yule ni wangu." Akasema hongera. Nikamwambia tena.

Sasa swali lako. Nisikudanganye, nataka urudi. Tangu juzi nimeshajiona niko stendi nakupokea begi. Lakini nakufahamu ukimwonea mtu huruma. Hujachoka kuogelea, umeniambia mwenyewe kwamba hujawahi kuwa na kasi kama sasa. Unataka kurudi ili baba yako asisemwe. Nimeshasemwa, mwanangu, na bado nalala usingizi. Na Mama analia kwa sababu amekukumbuka, si kwa sababu umekosea. Jana nilimuuliza, "Tumwambie arudi?" Akafuta macho kwa kanga. "Akirudi," akasema, "nitamrudisha mimi mwenyewe kwa masikio."

Kwa hiyo usirudi. Hilo ndilo jibu langu, na ni zito kuliko mfuko wowote wa saruji niliowahi kubeba. Keshokutwa tunapanda Rombo. Tutakaa uani na ukoo mzima, wazee watahesabu watoto wao, watakuta mmoja hayupo. Wakiniuliza Manka yuko wapi, nitasimama niseme kwa sauti ya kusikika hadi kwa jirani: yuko majini, na mimi ndiye niliyemkataza kutoka.

Kula vizuri, lala mapema, umsalimie kocha wako.

Ni mimi baba yako, ninayetamba kwa jina lako.