Namba Usiyoijua Ni Mimi

Masanja, mume wangu,

Tangu tumzike baba yangu nimekupigia kwa simu ya mama, ya shemeji, hata ya muuguzi, na hujapokea wala kujibu ujumbe. Sikulaumu. Nakumbuka siku ile Mwanza, tapeli alipokutumia ujumbe akijifanya mimi, eti nimepata ajali na nimeazima simu ya msamaria. Ulikimbia mpaka sokoni na kandambili mguu mmoja, ukanikuta nachagua nyanya. Ukanikumbatia mbele ya watu, wewe unayeona haya hata kunishika mkono. Kisha ukaapa, "Namba nisiyoijua sipokei tena, hata ikilia kwa sauti yako."

Sasa namba usiyoijua ndiyo mimi.

Laini yangu ya Tanzania ilinyamaza nilipovuka mpaka kuja mazishini. Kisumu nikaibiwa mkoba, wenye kitambulisho na pasi ya kusafiria, simu tu ikabaki mfukoni. Kakamega mjini, binti anayeuza laini akatikisa kichwa. "Bila kitambulisho siwezi kukusajilia, dada." Mpakani nako sipiti bila karatasi hizo. Na kwa mama intaneti haifunguki, mtandao ni wa kupiga simu tu. Nyumba nilimozaliwa ikaanza kunibana kifua. Nilikuwa naamka, natazama miwa ya jirani, nalala tena.

Uchungu ukanishika kabla ya wakati. Nilijifungua nikiita jina lako, wauguzi wakadhani uko nje ya mlango.

Leo nimembeba mtoto mpaka Buyangu, kwenye nyumba za watalii wanaokuja kuona msitu. Nilisikia kwamba wana waifai. Mlinzi akanisimamisha langoni.

"Waifai ni ya wageni, mama."

"Hata mimi ni mgeni. Nimetoka Tanzania."

"Wewe mgeni? Na unaongeanga Kiluhya kunishinda!"

Alicheka. Mimi nikalia palepale. Mtoto naye akaanza kulia ndani ya shuka, mlinzi akamchungulia, akafungua lango.

Simu ilipoingia mtandaoni, jumbe zako zikamiminika. Wa kwanza unauliza kama nimefika salama. Wa mwisho nimeusoma mpaka macho yakauma: "Kama umeamua kubaki kwenu, niambie tu nijue."

Nimekupigia mara moja, na tena. Simu yako haipatikani. Ndiyo maana naandika, nimeketi kwenye ngazi zao, mvua inakaribia na mlinzi ananiomba niharakishe kabla mwenye mahali hajarudi.

Sijaamua kubaki, Masanja. Nimekwama. Kila mlango ninaobisha unataka karatasi nisiyokuwa nayo, na wewe pekee unayenijua bila karatasi sikupati.

Ni msichana. Mdogo, lakini ananyonya kwa nguvu, na ana masikio yako. Muuguzi alipotaka jina la kuandika, sikuwa na wa kushauriana naye. Nikataja la mama yako, Kabula. Kama ulitaka jingine, piga ile namba iliyokupigia mara nyingi zaidi, ni ya mama yangu, unikatalie mwenyewe.

Akusubiriye,
Mkeo