Nimeng'oa Pembe za Bampa, Mama Mkwe Amehama Nyumba

Mpendwa mshauri,

Naomba unisaidie upesi, na ukitaka kunigombeza unigombeze baadaye, kwa maana nilipofika sasa chakula hakipiti na usingizi umenikimbia, na mambo yote haya yalianza na gari.

Mimi ni mwanamume wa miaka thelathini na miwili, nauza mbegu na dawa za mifugo hapa Kachibora, wazazi wangu walitoka Nyeri wakaja kulima Trans-Nzoia nikiwa bado nabebwa mgongoni. Sinywi, sivuti, na starehe yangu ni moja tu, nayo ni Datsun 240Z ya mwaka wa sabini na mbili, ile yenye pua ndefu na viti viwili, niliyoinunua kwa daktari wa mifugo aliyekuwa akihama Kitale kurudi kwao Ulaya. Ilikuwa na bampa za kung'aa mbele na nyuma, na kwenye kila bampa vipande viwili vilivyosimama, vyenye mpira, vya kukinga bodi isigongwe, ambavyo watu wa huku huviita pembe.

Mwaka jana nilimpata Nelima, mwalimu wa nasari, binti wa Mzee Eliakim wa Kamukuywa kule Bungoma, na nikianza kumsifu hapa utadhani natia chumvi, kwa hivyo niache. Siku ya kwanza nilipokwenda kwao Mzee alitoka nje kabla sijazima injini, akaizunguka Datsun, akazishika zile pembe kwa mikono miwili, akakumbuka mashindano ya magari ya zamani, akasema, "Kijana, si hii ndiyo ire ya lally? Niriiona ikipita na vumbi, nikakimbia nayo mpaka viatu vikabaki!" Mama Nelima naye akanisalimia kwa mikono yote miwili, akaniuliza habari za mama yangu, akaniwekea soda mbele yangu yeye mwenyewe. Nilirudi Kachibora nikiimba.

Safari ya pili nilikwenda na wazee wangu, tukaelewana habari ya ng'ombe wa mahari, na siku hiyo kakake Nelima anayeitwa Festus, ambaye hufanya kazi Nairobi na huvaa miwani ya jua hata ndani ya nyumba, aliitazama gari yangu akacheka mbele ya watu. "Niaje, Thuo? Hizi pembe ni za mbuzi ama? Gari ya babu hii, bana!" Basi kuanzia siku hiyohiyo, mshauri, mama mkwe akaacha kunisalimia. Nikiingia mlango wa mbele yeye anatokea wa nyuma, na siku moja tulipokutana njia ya kwenda sokoni alijitupa ndani ya mahindi ya watu na kikapu chake kichwani. Nelima aliniambia ati ni desturi yao, ni heshima tu, lakini msichana si lazima amtetee mamake? Mimi nilijua moyoni kwamba mama ameona haya kwa sababu ya gari yangu ya kizamani.

Nikaipeleka Kitale kwa Gurdev, fundi aliyeitunza gari hiyo tangu enzi za yule daktari, nikamwambia aifanye ya kisasa. "Sawa kabisa," akasema. "Pembe toa, kung'aa toa, mimi napaka yote rangi moja nyekundu, nashusha chini. Wasichana ya Kitale yote nageuka shingo." Nikamjibu kwamba sitaki wasichana wa Kitale, nataka mama mkwe. Akang'oa pembe zote nne, matundu ya bolti akayaziba kwa fila, bampa akazipaka rangi ya bodi, akakata springi ikakaa chini, akaweka bawa nyuma, na vioo akavibandika karatasi nyeusi hivi kwamba aliye nje hajui ndani kuna nani. Nilipoiona machozi yalinitoka, sitaficha.

Nikaenda nayo Kamukuywa, mvua ikanyesha tukiwa tunakula, na nilipotaka kuondoka ilikwama langoni, tumbo limelala matopeni. Safari moja ya awali ilipokwama palepale vijana wanne waliishika pembe wakainyanyua tukaenda zetu. Safari hii Mzee Eliakim alikuja na mwavuli, akatazama mbele, akatazama nyuma, akauliza, "Kijana, pembe ziko wapi?" Nikampa Nelima usukani, nikaenda nyuma kusukuma na watu wengine waliojifunika magunia vichwani, na bampa mpya ilikuwa laini ajabu, mkono haukai. Kando yangu kulikuwa na mmoja mwenye gunia aliyesukuma kuwashinda wanaume wote, nami nikawa namtia moyo, "Haya, ndugu yangu, haya!" Gari ikaruka, mguu ukateleza, mkono ukatafuta pembe kwa mazoea na pembe haipo, nikamkumbatia yule wa gunia tukaenda chini pamoja.

Mimi nimelelewa vizuri, mshauri. Nilimshika mkono, nikamwinua, nikatoa kitambaa nikampangusa matope usoni huku nikisema pole, pole sana, na nilipofika jicho la pili nikatambua ni mama mkwe. Wanawake wakapiga yowe. Kumbe yeye alikuja kusaidia akidhani mimi niko ndani nyuma ya vile vioo vyeusi, kwa maana kwao, Festus akanieleza pale langoni huku akinisukuma garini, mkwe na mama mkwe hawagusani hata nguo. "Sasa wee umefanya nini, bana? Enda, enda tu!" Nikaenda.

Tangu siku hiyo mama amehamia Chwele kwa kakake, hataki kurudi, na amesema arusi yetu ya Desemba hatahudhuria. Nelima naye amesema bila mamake haolewi. Wiki tatu sasa. Sijakaa bure, kila siku niko kwa Gurdev tunatafuta pembe nyingine, maana zile za kwanza alizitupa. Naomba uniambie, je, nirudishe pembe na rangi ya zamani, au niiuze kabisa ninunue pikapu, ndipo mama anirudie?

Ni mimi Thuo wa Kachibora. Jina usilifiche, watu wote wameshajua.

*

Bwana Thuo,

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti, na wenzangu ofisini wakaacha kupiga taipu. Pole kwa matope. Huruma yangu imeishia hapo, kwa sababu sasa nimekasirika.

Mchumba wako alikwambia kwa mdomo wake kwamba mamake anakukwepa kwa heshima. Ukamsikiliza nani? Mtu wa miwani ya jua. Unauzia wakulima waliotoka Bungoma kwa kina Nelima mbegu msimu baada ya msimu, unajua ni ng'ombe yupi anaharisha na ni shamba la nani lina mdudu, na hukuuliza hata mmoja wao jinsi mkwe anavyokaa na wakwe zake. Badala yake ukamwuliza fundi wa magari. Gurdev hana kosa, wewe ulimpa gari naye akatengeneza gari.

Tena baba mkwe ulikuwa naye tayari mkononi. Mzee mzima anatoka nje mbio, anashika pembe za gari yako kwa mikono miwili, anakumbuka alivyopoteza viatu vyake, nawe unakwenda kuzing'oa ili umpendeze mkewe, ambaye hakuwahi kusema neno lolote juu ya Datsun. Mimi nilipofika hapo nilivua miwani nikafuta macho, na sikuwa nalia.

Sasa nisikilize. Kuanguka si dhambi. Mvua huangusha wachungaji na machifu. Wazee wa Kamukuywa wameshaona makubwa kuliko hayo, na wana njia yao ya kusafisha jambo kama hilo, likaisha watu wakala. Kilichowauma ni kwamba uliwasha gari ukaenda, na kwa wiki tatu hakuna mtu wa kwenu aliyefika kusema pole. Wewe unatafuta mipira ya bampa, na kule mama wa watu amelala nyumba ya kakake akingoja kuona kama aliyemwangusha ana ukoo au alijizaa mwenyewe.

Kwa hivyo kesho asubuhi usiende Kitale. Nenda kwa baba yako, mweleze yote, hata habari ya kitambaa, kisha atume wazee wawili na shangazi yako mmoja kwa Mzee Eliakim. Waulize kinachotakiwa, na wakitajiwa kondoo wapeleke kondoo bila kubishana. Usitume barua ya kujieleza, na tafadhali usianze habari ya vioo. Wewe mwenyewe Chwele usikanyage! Nakujua, utataka kwenda kumwomba msamaha uso kwa uso, tena umshike mkono. Shangazi yako ndiye atakayempelekea blanketi na pole zako.

Nelima mwendee leo kabla ya giza, bila gari. Mwambie, "Uliniambia kweli nami sikukuamini." Ukishasema hivyo nyamaza, umwache aseme yeye, kwa maana nadhani ana mengi. Msichana aliyeshika usukani wa gari ile mbele ya ukoo wake mzima kwa ajili yako anastahili kusikilizwa.

Na gari? Karatasi nyeusi zibandue kwa mkono wako, na springi zirudishwe ukitaka kufika kwa wakwe wakati wa mvua. Pembe ukizipata mrudishie Mzee furaha yake, usipozipata mwambie ukweli. Kuuza si lazima, na pikapu haitakufundisha adabu.

Limebaki jambo moja, na hili ndilo hasa lililonifanya nikujibu wewe kabla ya wengine. Mimi pia ni mama mkwe wa watu huko Bungoma. Mkwe wangu wa kwanza nilimpisha njia nikaingia mtaroni, na mtaro ulikuwa umejaa. Siku ile ya kwanza mama Nelima alikupa mikono miwili kwa sababu ulikuwa mgeni, na mgeni husalimiwa hata kama ni muuza sufuria. Aliacha kukusalimia siku ng'ombe walipokubaliwa. Umeandika hivyo wewe mwenyewe, na kalamu haikutetemeka. Yule mama anaingia kwenye mahindi ya watu kwa sababu ameshakuhesabu kuwa mkwe wake. Asipokuwepo arusini itakuwa ni kwa ajili ya uzembe wenu, wala si kwa kukukataa.

Hata sasa huko Chwele anakukwepa, na ashukuriwe Mungu. Siku utakapomwona anakuja kukupa mkono mbele za watu, akutazame machoni na kukuuliza hujambo, hapo ndipo uniandikie ukilia.

Mshauri wako