Mbuzi ya Kukunia Nazi

Alhamisi, baada ya isha

Dakika moja tu ndiyo iliyomtosha msimamizi kupata mtu wa kushika nafasi yangu.

Sisi vibarua wa kiwanda cha kamba za mkonge tunaitwa kwa ujumbe wa simu, jioni kwa kazi ya kesho yake. Mkataba wangu unaisha mwezi ujao, na ukikataa mara mbili jina lako linashuka chini ya orodha. Kwa hiyo sijawahi kukataa. Nimekosa harusi, nimekosa mazishi, na kila anayenialika namwambia inshallah.

Juzi jirani yangu, Bi Hadija, aliniomba nikakune nazi kwenye arobaini ya mumewe. Nikamjibu inshallah. Akanitazama.

"Mwanangu, hiyo inshallah yako nishaizoea. Kama huji niambie, nijue."

Niliona haya, na mpaka sasa naona. Jana ujumbe ulipoingia nikajibu kwamba siji, nina shughuli. Msimamizi akaandika: sawa, nimeshapata mtu.

Usingizi haukuja. Orodha ile, na mwezi ujao... Sijui kama nimefanya la akili.

Leo nikachelewa kufika kwa kusitasita. Ua wa Bi Hadija ulishajaa wanawake wanaomenya vitunguu. Nikamwamkia shikamoo. Akaitika marahaba bila kuinua uso, akanionyesha pembeni kwa kisu.

Mbuzi ilikuwa pale, nazi zimepangwa kando yake, na hakuna aliyeikalia.