Udi Wangu na Moshi wa Barabara ya Bububu

Jumanne, baada ya alasiri. Joto, na upepo umegoma. Hata kanga kwenye kamba hazitikisiki.

Leo nimetahayari mbele ya msichana aliye sawa na binti yangu wa mwisho.

Anijuaye anajua mimi sitahayari ovyo. Nimefanya kazi melini, nshakula wali Bombay, nshagombana na polisi Jeddah kwa Kiarabu cha darasa la sita, na nikashinda. Lakini leo kituo cha afya nimeshindwa na muuguzi.

Mjukuu wangu Rahma ana miaka sita, na ana pumu. Nyumba yetu ipo Bububu. Ukitoka mlangoni, hatua nne ushakanyaga lami. Nilipoijenga nilijisifu, nikawacheka wenzangu waliokwenda kujenga shamba, mbali na barabara. Sasa malori ya mchanga na magari ya watalii yanapita tangu alfajiri, yanatutemea moshi mpaka mapazia yananuka dizeli.

Mimi, fundi wa kila kitu, nikamtibu mwenyewe. Kila magharibi nafunga madirisha, nafukiza udi nyumba nzima, chetezo nakipitisha mpaka chini ya kitanda cha mtoto. Harufu ya dizeli inakimbia. Nikaona nimemaliza kazi.

Leo yule msichana, muuguzi, kaniuliza, "Babu, nyumbani mnafukiza?"

"Tena udi wa Oman, mwanangu, si wa kubahatisha."

Hakucheka. "Basi babu, moshi wa barabara unamchokoza, huo wako unamkaba."

Miezi yote hii, kwa mapenzi, nikimkaba mtoto.

Chetezo nshakifungia kabatini. Udi nimeweza kuuacha, lakini barabara? Muuguzi anasema tuhame, tukae mbali na njia. Nikamwambia, "Nihamie wapi, baharini?" Akainama akaandika. Nyuma yetu foleni nzima ya watoto, wote kikohozi kimoja.

Dawa ya kuvuta Rahma keshapewa, na jioni tutairudia. Sasa tumerudi nyumbani, amejilaza, kifua kinapanda na kushuka, na mabega yanakisaidia. Nikifungua dirisha, moshi unaingia. Nikifunga, joto linambana, anaitafuta pumzi. Nimefungua, nimefunga, nimefungua tena.

Ananitazama tu. Bora angelia.

Lori jingine hilo, nalisikia linakuja.

Nifunge?