Kidole Changu na Bibi

Mama, shikamoo.

Usiucheke mwandiko, naandika kwa kushoto. Paa la chumba changu halivuji tena.

Jana Bibi, yule sokwe wangu mzee, alipigwa picha za ubongo. Wataalamu wanaulinganisha na wetu. Daktari alisema akitikisika ataongezwa sindano ya usingizi, na moyo wake mchovu huenda usihimili. Nikamshika mkono, mashine ikigonga kama fundi bati. Ghafla akanibana kidole. Akazidi kubana, kikalia ko!

"Ametikisika?" daktari akauliza dirishani.

"Wapi! Amelala fofofo."

Picha zimetoka safi. Leo Bibi kaamka, kauvuta mkono wangu wenye bandeji, akaanza kuuchambua taratibu, kama ananitafutia chawa.

Baba usimwambie.

Mwanao,
mlisha sokwe