Kiti cha Kundaeli

Dada Aikande,

Shikamoo. Kahawa ya Machame imefika, ingawa imeshika harufu ya sabuni. Joto la Juba bado halijaniua.

Achol, muumini wangu wa hapa mtaani Buluk, aliomba nimbatize mwanawe. Nikakataa mpaka baba mtoto, Chan, aje kanisani mwenyewe. Jumapili tatu nikajibiwa, "Pasta, hawezi." Nikakasirika, nikamfuata nyumbani mchana kweupe.

Nilimkuta Jok, mwanamume anayeishi na Achol, aliyekulia Kenya. Akacheka.

"Pasta, mimi ni ndugu yake tu. Chan alikufa kijana, kabla hajaoa. Nikamwoa Achol kwa niaba yake, tukatoa ng'ombe, ndio jina lake lisipotee. Mtoto ni wake."

Mama yao mzee akauliza kama kwetu yupo aliyekufa hivyo. Nikamtaja kaka yetu Kundaeli. Jina tu, dada. Habari za mguu wake sikuzigusia.

Mama akaleta kiti, akakiweka kando yangu. Mbele yake akasogeza kigoda.

"Aweke ule mguu usiokunjika," akasema. "Kila Jumapili anasimama nyuma yako. Amechoka."

Mtoto nimembatiza. Kwenye jina la baba nimeandika Chan.

Uliniuliza nitaoa lini. Mchumba ninaye, binti wa huku huku, anaitwa Nyagach. Jana tulikuwa wawili tu, akamimina chai vikombe vitatu, wala hakushtuka.

Niombee, dada. Sijui kama ni mimi nitakayemwoa.

Mdogo wako uliyebaki naye,
Elinami